Sura ya Saba: Mtu wa Katikati

Inspekta Wahu alifika wodi ya wazee saa moja na robo asubuhi, kabla ya manesi kupokezana zamu, kwa sababu alikuwa amechoka kuambiwa mambo ambayo angeweza kuyaona kwa macho yake. Kwa siku sita alikuwa amesoma maelezo ya mashahidi mpaka akayajua kama sala ya jioni. Hakuna aliyejipinga, hakuna aliyemsingizia mwenzake, hakuna aliyetia chumvi. Katika miaka yake ishirini na miwili ya upelelezi hakuwahi kukutana na mauaji yenye mashahidi waadilifu namna hiyo, na jambo hilo lilimkera kuliko uongo.

Hospitali ya Mtakatifu Veronika imekaa kilimani, dakika ishirini kwa miguu kutoka soko la Roret, na majani chai yameizunguka mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Wachumaji walikuwa tayari wameingia shambani na vikapu mgongoni. Wahu alikunguta matope ya viatu kwenye ngazi, akampungia mkono mlinzi, akaingia.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Mzee Kipsang arap Sigilai, mwenye miaka themanini na minne, mgonjwa wa sukari, alikuwa amelazwa hapa kwa kidonda cha mguu. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne, nesi Bitutu alijaribu kumwamsha anywe chai, akashindwa. Alipompima, sukari ilikuwa imeshuka mpaka moja nukta mbili. Walimtilia maji ya sukari mshipani, wakamkimbiza hospitali kubwa, na kesho yake akafa. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili alikuta alama mbili mpya za sindano: moja kwenye paja la kulia, moja tumboni. Chupa ya insulini ilikuwa imepungua dozi mbili. Faili la mzee lilikuwa na sahihi moja.

Sahihi ilikuwa ya Aron, klinikal ofisa, tabibu wa diploma ambaye kila mtu hapo alimwita daktari. Alikiri bila kuulizwa mara mbili kwamba yeye ndiye aliyedunga paja. Sindano ya tumboni haikuwa na mwenyewe.

Mkubwa wake Wahu, Superintendenti Muturi, alikuwa ameshampata huyo mwenyewe tangu siku ya kwanza. Bitutu ndiye aliyekuwa zamu, Bitutu alikuwa na ufunguo wa kabati la dawa, na Jumatatu yake wagonjwa wawili walimsikia akimwambia mzee, baada ya mzee kumtusi yeye na ukoo wake wote wa Kisii, "Kugo," yaani babu kwa Kipsigis, "iko siku utanyamaza tu." Muturi hakuhitaji zaidi ya hapo. Hakimu alikuwa ametoa siku saba za kumshikilia, na hii ilikuwa ya sita.

"Hiyo faili naitaka mezani leo," alikuwa amesema kwa simu akiwa bado anatafuna kifungua kinywa. "Kesho hakimu anataka shtaka la mauaji. Hataki hadithi."

"Na kama hakuna mauaji, mkubwa?"

"Basi niletee kile kiko."

Wahu alikuwa amefuata njia nyingine kwanza. Kulikuwa na Zack, mwana wa marehemu, aliyetaka kung'oa chai ya baba yake apande parachichi, na aliyekuja kumwona mzee Jumatatu jioni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Kibuyu kilipelekwa maabara, kikarudi na jibu kwamba ndani yake kulikuwa na maziwa na mkaa, basi. Zack mwenyewe alilia mbele ya Wahu kilio cha mtu aliyegombana na mzazi akadhani bado kuna wakati wa kupatana. Wahu alimwamini, ingawa hakumwambia.

Alisimama karibu na dirisha la wodi, daftari mkononi, akangoja. Nesi wa kushika nafasi ya Bitutu alikuwa hajapatikana, kwa hiyo Aron mwenyewe ndiye aliyekuja kupokea wodi. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka kama hamsini na minane, mvi zimekatwa chini, kalamu tatu mfukoni. Aliyekuwa akimaliza zamu ya usiku alikuwa nesi Fancy, msichana mwembamba wa miaka ishirini na saba, kitambaa kichwani, macho mekundu kwa kukesha. Alikuwa ndiye yuleyule wa zamu ya usiku ule wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Kati yao alisimama Kipkorir, mhudumu wa wodi, mtu mzima mwenye wajukuu, fimbo ya kupigia deki ikiwa bado mkononi.

"Kipkorir," alisema Fancy, macho yake kwenye sakafu, "huyu wa kitanda cha tatu amekohoa usiku mzima. Dawa ya saa kumi na mbili nimempa."

Kipkorir akamgeukia Aron, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwa Fancy. "Daktari, wa tatu amekohoa usiku mzima. Dawa amepewa."

"Muulize kama anatoa makohozi," alisema Aron.

"Anatoa?" Kipkorir alimuuliza Fancy.

"Kidogo. Meupe."

"Anasema kidogo, daktari. Meupe."

Wahu alidhani kwanza ni mzaha wa watu waliozoeana. Walipofika kitanda cha nne, cha marehemu, kilichokuwa bado kitupu, na baadaye cha tano, aliona kwamba hakuna aliyekuwa akicheka.

"Huyu hajakojoa tangu saa sita usiku," alisema Fancy kwa sauti ya chini, "na tumbo limejaa. Aangaliwe mapema."

Mzee wa kitanda cha tano, mwenye heshima zake, alikuwa amekaa wima akimtazama Kipkorir, na Kipkorir alikuwa mdogo kwake kwa rika mbili nzima. Mhudumu akakohoa kidogo. "Daktari, huyu amelala vizuri. Tumbo tu ndilo limemsumbua kidogo."

"Sawa," alisema Aron, akaandika, akasonga mbele.

Wahu aliuona mdomo wa Fancy ukifunguka, kisha ukafungwa. Maneno yalikuwa yameingia kwa Kipkorir yakiwa mkojo, yakatoka yakiwa tumbo, na msichana aliyeyasema alikuwa ameyasikia yakiharibika, asiseme kitu. Inspekta alipiga mstari chini ya namba ya kitanda cha tano kwenye daftari lake. Kisha akamfuata Aron, akamwambia mwenyewe kuhusu mkojo, kwa kuwa upelelezi haumzuii mtu kuwa na utu.

Alimkuta Kipkorir nyuma ya wodi akisuuza beseni.

"Chamgei," alimsalimu. Wahu alizaliwa Kericho mjini, babu yake alikuja kuuza nguo za mitumba, na Kipsigis chake kilikuwa cha sokoni: salamu, bei na matusi mawili. "Nieleze kile nimeona."

"Umeona nini, madam?"

"Watu wawili wenye masikio mazuri wakiongea kupitia kwako."

Kipkorir akaweka beseni chini. "Fancy ni mke wa kijana wa daktari, yule wa kwanza, anafanya kazi kiwandani huko Kimulot. Sasa kwetu, msichana akiolewa, baba mkwe hamwiti jina, hamwangalii usoni, haingii mahali amekaa peke yake. Ni heshima. Watu wengi siku hizi wameacha, wanakula meza moja na kucheka. Daktari hajaacha."

"Na Fancy?"

"Fancy ni mtoto amelelewa. Atamwaibishaje?"

"Kwa hivyo kila siku wewe ndiye unapeleka maneno."

"Mimi? Hapana. Nimeshika hii kazi juzi tu, baada ya nyinyi kumchukua Bitutu. Yeye ndiye alikuwa katikati. Yeye ni Mkisii, haya mambo hayamshiki. Alikuwa anabeba ripoti sawasawa, hata kuliko vile ilitolewa." Alifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nasahau. Na mambo mengine mtu anaona haya kuyasema mbele ya mzee."

Wahu aliyaacha hayo yakae. "Jumanne ile, Bitutu alifika saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika kumi. Alikuwa amepeleka mtoto wake kuanza sekondari. Alikuwa ameomba ruhusa tangu Ijumaa."

"Na wewe ulikuwa wapi kabla ya hapo?"

"Jikoni. Kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa. Nilileta uji saa moja, nikarudi kungoja chai."

"Kwa hivyo asubuhi yote hiyo wodi ilikuwa na Fancy, na daktari, na wagonjwa. Hakuna mwingine."

Kipkorir alifikiri, midomo ikisogea. Kisha akaona mahali maswali yalipokuwa yakielekea, na uso wake ukabadilika. "Madam," alisema, "mimi ni wa kufagia tu."

Ofisi ya Aron ilikuwa mwisho wa ukumbi. Aliinuka Wahu alipoingia, akampa kiti, akaketi baada yake. Hakuwa mtu wa kumchukia; hilo ndilo lilikuwa gumu.

"Daktari, asubuhi ile faili la mzee lilikuwa wapi?"

"Hapa mezani, tangu Jumatatu jioni. Nilikuwa naandika barua apelekwe kliniki ya sukari."

"Wewe ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi. Mimi nafika mapema, nafunga mlango, naandika mpaka saa moja na nusu. Kila mtu anajua."

"Nani aliingia?"

"Hakuna."

"Halafu?"

"Nikatoka saa moja na dakika arobaini na faili. Mzee alikuwa ameshakunywa uji, nikampima, sukari kumi na sita. Nikaangalia faili, dawa ya asubuhi haijaandikwa. Nesi wa mchana hajafika. Nikamdunga mwenyewe, nikatia sahihi. Hayo yote nilisema."

"Ulisema, na ni kweli. Nesi wa usiku alikuwa bado yuko?"

"Alikuwa anachukua mkoba wake."

"Mbali?"

Aron alihamisha kalamu kutoka kulia kwenda kushoto. "Hapo tu mlangoni."

"Ulimuuliza kama mzee ameshadungwa?"

"Inspekta, kisichoandikwa hakijafanyika. Hivyo ndivyo tulifundishwa, na hivyo ndivyo nimefundisha wengine."

"Sikuuliza ulifundishwa nini."

Aron alimtazama mchumaji mmoja nje ya dirisha akimaliza mstari wake na kugeuka. "Sijawahi kumuuliza kitu," alisema Aron hatimaye. "Miaka mitatu. Si yeye mwenyewe."

"Na ulipoambiwa kuna alama ya pili?"

"Nilifikiri Bitutu amekuja akadunga bila kuangalia faili, sasa anaogopa kukubali. Nilimhurumia." Alisema hivyo kwa unyofu kabisa, na hilo lilimkasirisha Wahu. Akafunga daftari, akatoka.

Fancy alikuwa katika chumba cha manesi, ameshavua yunifomu, anafunga zipu ya sweta. Wahu alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha plastiki ili asimsimamie msichana kichwani.

"Maelezo yako nimeyasoma mara nne," alianza. "Hakuna uongo hata mmoja. Uliulizwa ulitoka saa ngapi, ukasema. Uliulizwa mzee alikuwa na hali gani, ukasema mzima. Sasa nakuuliza kitu hakuna mtu amekuuliza. Ulimdunga?"

Zipu ilikwama katikati. "Nilimdunga."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Tumboni. Paja nilikuwa nimetumia jana yake."

"Mbona hukuandika?"

"Faili lilikuwa huko ofisini, na mlango umefungwa."

"Si ungegonga."

"Wewe ungegonga," alisema Fancy, bila ukali. "Mimi nilisimama hapo. Niliinua mkono, nikaushusha. Nikaandika kikaratasi, nikakiweka kwa mfuko wa koti ya Bitutu. Ndivyo tunafanya siku zote. Akifika anaingiza mkono mfukoni, anajua kila kitu, anaenda anamwambia. Nilijua atachelewa kidogo. Sikujua kuna mtu atadunga kabla yake."

"Ulimwona daktari akitoka na faili."

"Nilimwona. Nikainamisha macho."

"Koti ya Bitutu ilipekuliwa. Haikuwa na kitu."

"Mlichukua ile alikuwa amevaa, mpya. Ya kila siku ni hiyo, na siku ile hakuivaa." Alionyesha nyuma ya mlango kwa kidevu. Koti jeupe la kazi lilining'inia hapo, kola imelika, na askari wa Muturi walikuwa wamelipita mara mbili wakiufungua na kuufunga mlango huo. "Sijaligusa tangu Jumanne. Naogopa hata kuliangalia."

Wahu alivaa glavu. Mfuko wa kushoto ulikuwa na peremende na kipande cha bandeji. Mfuko wa kulia ulikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. *Kitanda 4. Insulini 20, tumbo, saa 12.30. Faili iko kwa ofisi. Mwambie daktari aandike. F.*

Aliisoma mara mbili, akaitia katika mfuko wa ushahidi, akaandika saa na tarehe, akamfanya Fancy atie sahihi juu yake.

"Siku sita, Fancy. Mwenzako amelala kwa sakafu siku sita. Kesho anashtakiwa kwa mauaji."

"Najua."

"Unajua, na ukanyamaza."

"Nikisema nimemdunga mimi, nimesema aliyemuua ni yeye."

"Yeye nani?"

Msichana alitafuta mahali pa kupitia. "Babu ya mtoto wangu," alisema. "Unataka niende nimseme kwa polisi? Mimi niliyeletwa kwake?" Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kila asubuhi nimejiambia leo. Kila asubuhi nikimwona, maneno yanarudi."

Wahu alimhurumia, na alimkasirikia, na hakuona sababu ya kuchagua. Alisimama. Kikaratasi peke yake Muturi angesema kimeandikwa jana. Alihitaji maelezo mapya ya watu wote wawili, yakubaliane, yakiwa na saa. "Kaa hapa. Nitaenda kumwambia daktari, halafu nitarudi tuandike."

"Hapana," alisema Fancy.

"Hapana nini?"

"Usimwambie wewe. Ukienda wewe, itakuwa ni ileile."

Alifungua mlango mwenyewe. Wahu alimfuata ukumbini, nyuma kidogo, akapita vitanda kumi na kimoja. Kipkorir alikuwa akipiga deki. Alipoona wanakoelekea alisogeza ndoo akawapisha. Mbele ya mlango wa ofisi Fancy alisimama muda wa kutosha kwa Wahu kudhani atageuka. Kisha akagonga mara tatu, akaingia kabla ya kuitikiwa.

Aron aliinua kichwa, akaona ni nani, na papo hapo akageuzia macho dirishani, kama alivyofanya kila siku kwa miaka mitatu, akingoja aondoke au mtu mwingine aje.

"Baba," alisema Fancy.

Hakugeuka.

"Baba, naongea na wewe. Mzee wa kitanda cha nne nilikuwa nimeshamdunga. Saa kumi na mbili na nusu. Nilisimama hapa nje nitake faili, na sikugonga. Halafu nikakuona ukienda kwake, na sikusema. Bitutu hajafanya kitu."

Wahu aliangalia saa yake, akaandika. Aron, aliyekuwa akitazama chai, alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akageuka polepole. Walitazamana.

"Dozi gani?" aliuliza Aron.

"Ishirini."

"Na mimi ishirini." Alifunga macho. Alipoyafungua alikuwa akimsemesha Fancy, si Wahu. "Kama ungegonga siku ile, nisingekufungulia. Ningekaa kimya mpaka uondoke, nikijua Bitutu atakuja. Usilale ukifikiri ni wewe tu." Kisha kwa Inspekta: "Hilo liandike pia. Nitatia sahihi."

Wahu alilichukua neno kwa neno. Kuhusu kitakachowapata hawa wawili, mabaraza ya matabibu na ya wauguzi yangesema, na pengine mahakama nyingine; yeye hakuwaahidi kitu. Alichukua maelezo mawili, kurasa nane, akawasomea kila mmoja mbele ya mwenzake. Walikuwa wamekaa pande mbili za meza moja.

Muturi alisoma yote saa nane mchana, akiwa amesimama, akakuna shingo. Alimpigia mwendesha mashtaka, akasikiliza zaidi ya alivyosema. "Mtoe," alimwambia Wahu, bila kuomba radhi, lakini pia bila kubishana, na kwa Muturi hiyo ilikuwa karibu sawa na kuomba radhi.

Bitutu aliletwa mpaka kaunta ya kituo cha polisi, nywele zimetimka, nguo ikinuka moshi na saruji. Askari wa zamu alimrudishia simu, mkanda na kamba za viatu, kimoja kimoja, akivitaja majina. Aliinama kufunga kiatu huku Wahu akimweleza: sindano ya asubuhi, faili, kikaratasi katika koti kuukuu.

"Nani amesema?" aliuliza Bitutu, bado ameinama.

"Fancy."

"Amekuja kukuambia wewe?"

"Nilimuuliza mimi. Lakini daktari, Fancy ndiye amemwambia mwenyewe. Ameingia ofisini kwake, akamwambia usoni."

Vidole vya Bitutu viliacha kamba.

"Na daktari?"

"Amemjibu."

Bitutu aliketi kwenye benchi la wageni, kiatu kimoja kimefungwa, kingine kimefunguka. "Miaka mitatu," alisema, "nafika nusu saa mapema, na naondoka nusu saa nimechelewa, ili hao watu wawili waweze kufanya kazi. Nikiwa na homa nilikuja. Nilizika mamangu Alhamisi, Ijumaa nikarudi, kwa sababu nilijua wodi itanyamaza nisipokuwepo. Siku moja tu nikapeleka mtoto shule." Alimtazama Wahu, na Wahu akajilazimisha kutotazama pembeni. "Kumbe walikuwa wanaweza."

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu wamkamate.